Kopo la sarafu za marehemu, Ruangwa: nilikwenda kuzithamini, nikauliza swali moja la ziada

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, simu yangu iliita nikiwa napanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi.

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Naanza na saa hiyo kwa sababu nimeshajaribu kusimulia jambo hili nikianzia kwingine, na kila mara nimejikuta najitetea. Nikianzia kwenye simu nalazimika kufuata mambo yalivyokwenda. Majina nimebadilisha. Mengine nayaandika kama yalivyotokea, bila chumvi.

Mimi ni mtu wa makamo, nina duka la stationery hapa Nachingwea. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu.

Mambo ya sarafu sikusomea popote. Yalinijia dukani. Kila baada ya siku kadhaa alikuwa anakuja mtu na sarafu iliyofungwa kwenye kitambaa, anataka niipige picha pande zote mbili amtumie "mnunuzi" aliyeko Dar. Nikawa napiga picha huku najiuliza: hii ni ya nchi gani, ya mwaka gani, kwa nini hii ina tundu na hii haina?

Nikaanza kusoma kwenye simu. Nikachapisha kurasa za katalogi moja moja na kuzifunga kwenye faili. Nikanunua mizani ndogo ya dijitali kama ya sonara, kalipa ya kupimia upana na unene, na lenzi. Baada ya miaka michache nikawa ninayeulizwa.

Niweke sawa jambo moja mapema, maana najua inbox itajaa. Rupia haivuti mchele. Haizimi tochi. Haisimamishi saa. Nimekaa na watu wazima wenye akili zao, tumezunguka sahani ya mchele, tumeisogeza sarafu taratibu kama tunamnyemelea kuku, na mchele haukujali. Aliyekuambia kuna tajiri anatafuta rupia inayovuta mchele anatafuta nauli yako.

Tuendelee.

Aliyepiga simu alikuwa Bi Somoe. Ni rafiki wa mke wangu tangu walipokuwa wanauza vitumbua pamoja sokoni hapa, kabla hajaolewa Ruangwa. Mume wake, nimwite Mzee Nassoro, alikuwa amefariki karibuni, na Bi Somoe alikuwa kwenye eda.

Mzee Nassoro alikuwa dalali wa dhahabu. Si wale wenye magari. Alikaa kibarazani kwake, na wachimbaji wadogo wa huku kwetu walimletea kile kidogo walichopata, yeye akanunua na kuwauzia wakubwa zaidi.

Bi Somoe alisema marehemu ameacha vitu viwili vya maana: nyumba ya tofali yenye bati, na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za kale. Mtoto hawakujaaliwa. Kwa hiyo kwenye mirathi yeye ana robo, na iliyobaki ni ya ndugu wa mume.

Shemeji yake mkubwa, nimwite Issa, alikuwa amemletea pendekezo. Badala ya kugawana nyumba vipande vipande, Bi Somoe achukue kopo lote, wao wachukue nyumba yote, kila mtu aridhike.

Kuna jamaa wa Masasi aliletwa kuziangalia sarafu hizo. Alisema kopo lina thamani ya milioni themanini.

"Aliletwa na nani?" nikauliza.

"Na shemeji Issa."

Hapo nikaacha kupanga karatasi.

Nikamuuliza kama ameshasaini chochote. Akasema bado, kikao cha familia ni kesho yake Jumapili, na kwa kweli moyo wake umeelekea kwenye kopo. Milioni themanini si mchezo, kaka, alisema. Nikamwomba asiseme ndiyo wala hapana mpaka nifike.

Mwanamke aliye eda hafuatwi na mwanamume peke yake, kwa hiyo nilimchukua mke wangu. Tulifunga duka tukapanda gari la mchana. Tulifika Ruangwa jua kali, barabara nyekundu mpaka kwenye nyusi.

Bi Somoe alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, nguo nyeupe, bila hata hina. Issa naye alikuwepo. Sijui nani alimpa taarifa. Alinikaribisha vizuri kabisa, akaniita mtaalamu, kisha akakaa kwenye kiti mlangoni miguu ameinyoosha, kama mtu anayelinda duka.

Nikatandika kitambaa cheupe, nikamwaga kopo.

Wakuu, kwa wanaopenda mambo haya, nitaeleza kidogo nilivyofanya. Wengine mnaweza kuruka.

Lundo la mchanganyiko haliangaliwi kwa kutafuta ile ya bei. Ukianza hivyo macho yanakudanganya. Unagawa kwanza kwa nchi, halafu kwa thamani iliyoandikwa, halafu kwa mwaka. Ndipo unaangalia hali: imelika kiasi gani, imetobolewa, imesuguliwa kwa majivu au ndimu. Iliyosuguliwa ikang'aa huwa imepoteza bei, ingawa wenyewe ndiyo huwa wanaileta kwa furaha.

Kulikuwa na zaidi ya mia mbili. Nyingi zilikuwa za Afrika Mashariki ya Mwingereza: shilingi zenye simba, senti kumi na senti tano zenye tundu. Kulikuwa na za Msumbiji, escudo na centavo, ambazo huku kusini si ajabu, watu wamevuka Ruvuma na pesa zao vizazi na vizazi. Kulikuwa na rupia za India zilizolika mpaka uso wa mfalme umebaki kama kivuli.

Za Mjerumani zilikuwa chache. Heller kadhaa, yaani senti zao. Sarafu mbili za shaba zinazoitwa pesa, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Na robo rupia moja ya fedha, safi, haijaguswa na ndimu. Hiyo ndiyo iliyonifurahisha.

Halafu kulikuwa na "dhahabu" yenye picha ya tembo.

Issa alisogeza kiti. "Hiyo ndiyo yenyewe, mtaalamu. Jamaa wa Masasi alipoiona alikaa chini."

Sarafu ya dhahabu yenye tembo kweli ipo, ilitengenezwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani, na ina bei kubwa. Lakini halisi ina gramu saba na kitu. Hii niliiweka kwenye mizani ikasoma tatu na nusu. Ukingoni ilikuwa na mstari wa kuungia, kama wa kisahani cha plastiki. Nikampa Issa lenzi aangalie mwenyewe. Akaangalia muda mrefu, akarudisha lenzi.

Nikawaambia jambo ambalo halihitaji lenzi. Marehemu alikuwa dalali wa dhahabu. Angeijua dhahabu hata akiwa usingizini. Angeiacha kwenye kopo la maziwa pamoja na senti?

Mke wangu alicheka. Bi Somoe alicheka pia, halafu akajifunika mdomo akakumbuka yuko eda.

Nikafanya hesabu mbele yao wote. Nyingi kati ya zile za Mwingereza ni za bei ya chini sana, kwa sababu zimejaa nchi nzima. Fedha ya rupia za India ina bei ya uzito wake. Robo rupia peke yake ningeweza kuiombea laki na kidogo kwa mtu anayekusanya. Kopo zima, likiuzwa kwa utaratibu na kwa watu sahihi, laki tano na elfu arobaini. Si milioni themanini. Si hata milioni moja.

Nyumba ile, bei ya Ruangwa ya sasa, ilikuwa inasemwa milioni kumi na nane. Robo yake ni milioni nne na nusu.

Bi Somoe akamgeukia shemeji yake. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, kopo chukueni nyinyi. Mimi nitabaki na robo yangu ya nyumba."

Issa akasema hayo yatazungumzwa kesho kwenye kikao. Akasimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Pale mlangoni aliniaga kwa jina langu. Utaalamu ulikuwa umeisha.

Wakuu, kama ningefunga begi langu wakati ule, uzi huu ungekuwa wa furaha. Ningekuja hapa kuwaambia jinsi nilivyomwokoa mjane kwa mizani ya dijitali na lenzi, mngenipa like zenu, basi.

Lakini chai ilikuwa inachemshwa na mimi sijui kukaa bure. Nikaanza kurudisha sarafu kwenye kopo kwa utaratibu, na nikiwa narudisha, zile senti tano zenye tundu nikazipima moja moja.

Senti tano za Mwingereza zina kisa kidogo. Za zamani zilikuwa nene. Katikati ya vita vya pili vya dunia wakapunguza unene kubana shaba. Upana ni ule ule, tundu ni lile lile, maandishi ni yale yale, isipokuwa mwaka. Ukizishika mkononi moja moja huwezi kusema ipi ni ipi. Nene inakaribia gramu sita na pointi tatu. Nyembamba ni tano na pointi sita hivi.

Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini baadhi yake zilikuwa na mkato mdogo ukingoni, wa tupa, unaopita ukucha tu. Si kwenye senti kumi, si kwenye shilingi. Kwenye senti tano peke yake. Na nilipozitenga, zilizokatwa zote zilikuwa nene. Nyembamba haikuwa na mkato hata moja.

Nikauliza. Niliuliza kama ninavyouliza kila kitu, kwa kutaka kujua, sauti yangu ya kawaida kabisa.

"Bi Somoe, hizi zenye mkato marehemu alikuwa anazifanyia nini?"

"Aa, hizo ni za kazi yake," akasema huku anamimina chai. "Hizo anaita mwenye jino. Zile nyingine anaita kibogoyo."

Hapa inabidi nieleze kwa wasiojua machimbo yetu. Hata leo, mizani za dijitali zimejaa madukani, kuna wachimbaji wengi huku wasiozitaka. Wanasema mashine inachezewa, mtu anabonyeza kitufe mfukoni, namba zinashuka. Na si uongo, zipo zilizochezewa. Kwa hiyo wao wanataka mizani ya sahani mbili, dhahabu upande huu, sarafu upande huu. Sarafu ya mfalme, wanasema, nani ataichezea? Ndiyo maana dhahabu inauzwa kwa jina la sarafu. Mtu anakuambia nimeuza senti tano moja, nimeuza senti tano na nusu. Bei ya senti tano inajulikana kijiwe kizima.

Bi Somoe aliendelea, bado anamimina.

"Akija mchimbaji ananiita, Somoe, niletee mwenye jino. Akija dalali mwenzake, au mtu mwenye mashine yake, ananiambia niletee kibogoyo. Mimi nazijua kwa kidole, hata taa ikiwa imezimika."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Mwenye jino ni nzito zaidi: mchimbaji alikuwa anatoa dhahabu zaidi kwa bei ile ile. Nadhani uso wangu ulibadilika. Mke wangu alinitazama, akanikanyaga mguu. Nilielewa maana yake. Nilichelewa kuificha mizani. Sarafu ilikuwa juu yake na namba inawaka.

"Kuna nini, kaka?" akauliza Bi Somoe.

Nikamwambia hakuna kitu.

Akaja akakaa karibu na kitambaa. Alisoma mpaka darasa la saba, na namba anazijua. Akachukua mwenye jino akaiweka kwenye mizani mwenyewe. Akaitoa, akaweka kibogoyo. Akarudia na nyingine. Akarudia tena na nyingine.

Kisha akaacha kupima, akakaa na sarafu kwenye kiganja.

"Miaka yote hii," akasema, "ni mimi niliyekuwa nazibeba."

Hatukunywa chai ile. Tulikaa nayo mpaka ikafanya utando.

Njiani kurudi tuliiacha Ruangwa mbali nyuma yetu. Ndipo mke wangu akaniambia, bila hasira:

"Ulikwenda kuthamini sarafu. Nani alikutuma umthamini na marehemu?"



Kikao cha Jumapili sikuhudhuria. Haya ninayoandika sasa nimeyapata kwa Bi Somoe mwenyewe na kwa jirani aliyekuwepo.

Issa alianza kwa kusema mtaalamu wa Nachingwea amekuja, kopo halina kitu, kwa hiyo familia itagawana nyumba kama dini inavyosema, robo kwa mjane. Jambo lilikuwa limeisha. Kila mtu alikuwa anajiandaa kwa dua.

Bi Somoe akasema kabla ya robo kuna deni.

Mnajua utaratibu wa maziko yetu. Kabla ya mwili kushushwa, mtu wa familia anasimama anatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu aseme. Makaburini pale Issa ndiye aliyetangaza, na hakujitokeza mtu.

Issa akamkumbusha hilo shemeji yake. Alisema, "Nilitangaza mbele ya watu. Hakuna aliyedai. Wewe unamfukua marehemu kwa deni ambalo mwenyewe hakulisema?"

"Hawakudai kwa sababu hawakujua," akajibu Bi Somoe. "Mimi sasa najua."

Akazitoa senti tano mbili kutoka kwenye pindo la nguo, mwenye jino na kibogoyo, akaziweka katikati ya mkeka, akaeleza zilivyotumika.

Jirani anasema Issa alitaka kuzichukua, akasita, akaurudisha mkono. Shehe aliyekuwa amealikwa kusoma dua aliombwa aseme neno. Akasema deni likijulikana hulipwa kwanza, kisha ndipo warithi. Hakuwa na namna ya kusema kingine. Na maneno yalikuwa yameshasikika dirishani, kwa hiyo hata Issa hakuwa na namna.

Wakuu, najua mnachofikiria. Hata mimi nilifikiri hivyo hivyo: ukweli umesemwa, haki itatendeka, watu watapata chao, mjane atapata thawabu.

Nilikwenda mara mbili wakati wa kusikiliza madai. Niliombwa, kwa sababu ya mizani.

Tangazo lilitolewa baada ya swala ya Ijumaa. Walikuja watu wa Narung'ombe, wa Kiegei, wa mbali zaidi. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Hakuna aliyejua alimuuzia marehemu mara ngapi. Wazee wakakubaliana kila mmoja aape, aseme alimuuzia kwa miaka mingapi, apewe kiwango kwa kila mwaka. Ukiangalia kwa utaratibu, ni njia mbaya. Nilikaa kufikiri njia bora, sikuipata.

Wengine waliapa kweli. Niliwaona mikono, mikono ya shimo haijifichi. Wengine hawakuwahi kushika sururu. Kuna mmoja aliapa miaka sita, na mimi namjua, ni kinyozi, ameninyoa. Nilimtazama naye akanitazama, akaendelea kuapa.

Kuna mzee mmoja alitoka Kilimarondo, nimwite Chande. Kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa vumbi la shimo, anasimama kila hatua chache. Alikaa nyuma mpaka wengi walipomaliza. Alipoitwa hakuapa. Alisema anataka kusema kitu kwanza.

"Nassoro mwaka wa kwanza alikuja na mashine," alisema. "Mashine mpya, ya haki, tuliipima na unga dukani ikasoma sawa. Sisi ndio tulioikataa. Tulimwambia usituletee mwizi wa umeme hapa, leta pesa ya mfalme. Mimi ndiye niliyesema. Akaenda akaitafuta, akaileta."

 Mtu mmoja akamwambia mzee, chukua haki yako uende.

Alichukua. Alihitaji dawa. Lakini alipopita mbele ya mlango ambako Bi Somoe alikuwa amekaa ndani, alisimama kidogo akasema, "Mama, usijibebeshe peke yako." Sijui kama alimsikia.

Nyumba ilikaa mpaka eda ilipokwisha, kisha ikauzwa kwa mfanyabiashara wa ufuta. Bei ilikuwa ile ile iliyosemwa, milioni kumi na nane. Madai yaliyolipwa yalifika milioni kumi na tatu na laki nne. Issa na ndugu zake waligawana kilichobaki baada ya robo ya mjane, na mpaka leo hawamsalimii. Kopo walimwachia. Issa alilisukuma kwa mguu, si kwa mkono.

Bi Somoe yuko Kiegei sasa, kwenye chumba kwa dada yake, analima ufuta kwenye shamba la watu. Mke wangu anakwenda kumwona. Mimi nimekwenda mara moja, kumpelekea pesa za robo rupia ambayo nilikuwa nimeiuza.

Alizipokea, akazifunga kwenye pindo. Akanipa kifurushi kidogo. Ndani zilikuwa zile zenye jino, zote.

Nikamwambia hizi bei yake ni ndogo sana, wala haifai kusumbuka kuziuza.

"Sikupi uziuze," akasema. "Nakupa zisikae kwangu. Usiku navihesabu vile vijino kwa kidole bila kupenda."

Nikamuuliza, kwa sababu nilihitaji kumuuliza, kama anatamani nisingeuliza lile swali. Alifikiri sana. Alikuwa anapepeta ufuta, ungo ukasimama mkononi.

"Ningekuwa na nyumba," akasema. "Lakini sasa kila mchimbaji akipita nje ningekuwa nainuka kumletea sarafu."

Halafu akaendelea kupepeta, nami sikujua kama hilo ni ndiyo au hapana.

Sarafu hizo ziko mezani kwangu ninapoandika. Nimezifungia kwenye bahasha na sijaandika kitu juu yake. Katika faili langu kila sarafu ina nchi, mwaka, uzito, hali na bei. Hizi nimeshindwa kuzijazia nafasi ya hali.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Kwanza, ukipewa kopo la sarafu ukiwa kwenye mirathi, usisaini kabla halijapimwa na mtu asiye na maslahi, na mjue aliyemleta mthamini. Hilo ni rahisi na nina uhakika nalo.

La pili sina uhakika nalo. Kitu kilichokaa kwenye nyumba ya mtu miaka mingi hakina bei tu, kina kazi kiliyoifanya. Ukiuliza kazi hiyo, uwe tayari kukaa na jibu pamoja na aliyekujibu. Mimi nilipanda gari nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo naombeni michango yenu. Nyinyi mngeuliza? Na kama mngegundua bila kuuliza, mngemwambia, au mngekunywa chai yenu mkaaga? Wenye elimu ya mirathi nisahihisheni pia nilipokosea. Wa rupia na mchele, leo mniache.

Nami namaliza kwa hesabu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoitiwa. Robo yake ya nyumba kabla ya swali langu: milioni nne na laki tano. Robo ya kilichobaki baada ya swali langu: milioni moja, laki moja na elfu hamsini. Kwa swali moja lililoulizwa wakati chai inamiminwa, Bi Somoe alipoteza shilingi milioni tatu, laki tatu na elfu hamsini.